Bwawa la Shule na Majani ya Utupa

Sisi tuliokulia Matombo kabla uzi wa nailoni haujafika madukani tulijifunza kuvua kwa uzi wa katani. Tuliusokota juu ya paja mpaka paja likawaka moto, tukaufunga kwenye ufito wa mwanzi, na ndoano ilikuwa pini ya nepi tuliyoikunja kwa meno. Chelezo kilikuwa kipande cha bua la mahindi. Chambo tulikichimba nyuma ya jiko, chini ya migomba, pale mama zetu walipomwaga maji ya kuoshea vyombo, kwa sababu nyungunyungu wa hapo walikuwa wanene kama kidole na wavivu wa kukimbia.

Asubuhi ukungu ulishuka kutoka mlimani ukafunika kila kitu, hata kengele ya misheni ukaisikia bila kujua inatoka upande gani. Mdalasini ulianikwa kwenye mikeka, na mtoto aliyepita akaiba kigome kimoja cha kutafuna njia nzima hadi shuleni, basi darasa letu lilinukia kama sufuria ya chai. Tukitoka shule tulikalia magome ya migomba na kuteleza nayo mteremkoni, mmoja mbele mwingine nyuma, mpaka kwenye mahindi ya watu. Mama yangu alikuwa akinigeuza, akatazama kaptula nyuma, akasema, "Damasi, nguo haioti kama nywele."

Msimu wa mafenesi mikono yetu ilinata ulimbo kutwa nzima. Wajukuu zangu wa huku mjini Kihonda wanalijua fenesi likiwa limeshamenywa, limewekwa kwenye mfuko wa nailoni, na bado wanauliza kama lina mbegu.

Lakini nilitaka kuzungumzia bwawa.

Ilikuwa enzi ya elimu ya kujitegemea. Kila shule ililima, ilifuga kuku, na yetu ilichimba bwawa la samaki. Tulilichimba wenyewe, wavulana kwa majembe, wasichana wakisomba udongo kwa ungo, chini ya mwalimu wa kilimo aliyekuwa mrefu, mkali, na mwenye mapenzi ya ajabu na samaki. Tulielekeza humo mfereji mdogo kutoka kijitoni, maji yalipojaa tukauziba. Mwalimu akaleta vifaranga vya perege ndani ya madumu, akavimimina taratibu, akiongea navyo kwa sauti ya chini kama anayelaza mtoto.

Kila Ijumaa mchana darasa la sita tulijifunza kuvua. Mwalimu alituambia mto wetu una mawe na unakwenda kasi, haumfai anayeanza, lakini bwawa limetulia na linasamehe. Akatupanga ukingoni. "Tupa, nyamaza, subiri. Chelezo kikitikisika, bado. Kikizama, inua." Samaki wadogo tuliwarudisha. Wakubwa nao tuliwarudisha, kwa sababu mavuno yalikuwa yakingojwa sikukuu ya Noeli, ili shule nzima ipate kula samaki siku moja. Hilo lilizungumzwa kila siku. Kwenye milima yetu nyama ilikuwa ya harusi na msiba, na samaki wa kujaza sahani tulikuwa tunawasikia tu.

Rafiki yangu alikuwa Gaspari. Ukoo wao na ukoo wetu ni watani, kwa hiyo tangu tunajifunza kutembea tuliruhusiwa kutukanana bila kununa. Gaspari alikuwa amezaliwa na mkono wa kuvua. Ijumaa ya kwanza alitoa perege wawili. Ya pili watatu. Mimi Ijumaa tatu mfululizo niliinua ndoano tupu, imelambwa safi.

"Huyu havui," Gaspari akawatangazia wenzetu. "Huyu anafuga. Angalieni, kila wiki anawaletea chakula."

"Mfugaji!" wakaitikia.

"Na mwaka kesho atawatafutia na mtu wa kuwachunga!"

Mwalimu mwenyewe alicheka akageuka pembeni. Nilicheka pia, kwa sababu utani hauna hasira. Lakini hasira nilikuwa nayo, na niliipeleka nyumbani, nikalala nayo.

Sasa lazima nieleze utupa, kwa sababu vijana wa leo hawaujui. Ni mti mfupi, wa maua meupe au ya zambarau. Wakulima wa kwetu waliupanda kwenye mipaka ya shamba ili kufukuza fuko wanaokula mihogo. Na majani yake yakitwangwa, juisi yake huwalevya samaki. Wakati wa kiangazi wazee walikuwa wakitwanga kapu moja, wanalikamulia kwenye dimbwi la mtoni, samaki wanaelea juu wamelewa, watu wanaokota. Maji yanaendelea na safari yake, na kesho yake dimbwi ni zima. Nilimwona mjomba wangu akifanya hivyo nikiwa mdogo sana. Nilichokiona ni kapu, mchi, na samaki kuelea. Sikuona kwamba kilichosafisha dimbwi ni mto.

Alhamisi jioni, wenzangu walipokwenda kuchota maji, nilichuma majani ya utupa kwenye mpaka wa shamba la mama yake Gaspari. Ndio uliokuwa karibu na shule, na sikuwaza zaidi ya hapo. Niliyatwanga kwa jiwe nyuma ya choo cha shule, nikayakamulia bwawani. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: samaki walewe kidogo tu, wawe wazito wa kukimbia, na kesho Ijumaa mfugaji avue wanne mbele ya watu.

Ijumaa asubuhi bwawa lilikuwa jeupe.

Nakumbuka watoto wa darasa la kwanza walishangilia, walidhani samaki wamekuja juu kutusalimia. Kisha mwalimu alifika. Alivua viatu, akaingia mpaka magotini, akaokota perege mmoja, akamgeuza, akamwachia. Akaokota mwingine. Wakubwa kwa wadogo, wote walikuwa wamekwisha, kwa sababu maji yale hayakuwa na pa kwenda. Akaona majani yaliyoshikana ukingoni, akayanusa.

Tulisimamishwa mstarini. Mwalimu akayainua yale majani.

"Utupa wa karibu hapa ni wa nani?"

Macho ya shule nzima yalimgeukia Gaspari.

"Gaspari. Wewe ndiye uliyefanya hivi?"

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nilimwona akitazama upande wa madarasa ya chini, kisha akatazama miguu yake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nilingoja akane. Nilijiambia akikana tu, nitasema. Hata leo sijui kama ningesema. Hakukana, na mimi nikanyamaza, na kunyamaza kwetu wawili kukahesabiwa kuwa kosa la mmoja.

Alichapwa. Samaki walifukiwa chini ya migomba ya shule kwa sababu mwalimu aliogopa kutulisha. Mwezi mzima Gaspari alibaki baada ya masomo, akitoa tope bwawani kwa ndoo, peke yake. Mama yake aliing'oa miti yote ya utupa shambani mwake kwa aibu, na mwaka ule fuko walimmalizia mihogo. Noeli tulikula ugali na maharage, na kila aliyetafuna alitafuna akimtazama Gaspari.

Mimi nilikuwa nampelekea ndizi ya kuchoma kila siku kule kwenye tope. Alikuwa akiipokea kwa mikono miwili michafu akasema, "Mtani, wewe ndiye umebaki." Sijawahi kupigwa kiboko kilichouma kama maneno yale, na bado sikusema.

Ndipo lilipotoka jina. Wakamwita Utupa. Kwanza wanafunzi, kisha kijiji, kisha hata padri alijisahau siku moja. Nilipochaguliwa kwenda sekondari, yeye alibaki akilima, baadaye akashuka mjini. Siku ya harusi yake msemaji alisimama ukumbini akasema, "Bwana harusi wetu, ndugu Utupa," na watu wakapiga vigelegele. Nilikuwa meza ya pili. Nilipiga makofi.

Sitajitetea. Nilikuwa mtoto siku ya kuchuma majani, lakini sikuwa mtoto siku ya harusi. Nilifanya kazi kiwandani miaka mingi, nikastaafu, nikajenga Kihonda. Yeye alijenga nje kidogo ya mji, si mbali nami. Tulikutana misibani na kwenye kipaimara, tukataniana, tukaagana. Kila mara nilisema moyoni: leo pana watu wengi. Au: leo amefiwa. Au: leo amefurahi, nisimharibie. Mtu anayetaka kunyamaza hakosi sababu.

Miaka ya karibuni Gaspari alichimba bwawa lake. Si la kuuza samaki tu. Watu wa mjini wanakuja na watoto wao Jumapili baada ya ibada, anawapa fimbo, anawafundisha kuvua kuanzia mwanzo kabisa, na kile unachovua mkewe anakukaangia. Kibao cha barabarani kimeandikwa kwa rangi nyekundu: KWA MZEE UTUPA, JIFUNZE KUVUA. Nilikuwa nikizunguka njia nyingine nisipite pale.

Aliyenipeleka ni mjukuu wangu Neema, wa kidato cha pili. Aliona picha za wenzake kwenye simu, kila mmoja ameshika samaki. "Babu, twende kwa Mzee Utupa. Wewe si mtu wa Matombo? Si ulivua utotoni?" Nilisema mguu unauma. Wiki iliyofuata nilisema jua kali. Wiki ya tatu alinitazama tu, akasema, "Babu, sema basi hutaki." Tukaenda.

Gaspari alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, kofia ya ukili kichwani. Neema akapiga goti kidogo. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huyu uliyekuja naye usimkaribishe karibu na maji. Huyu havui, anafuga samaki!"

Watu wakacheka. Nilicheka nao.

Alimfundisha Neema vizuri kuliko tulivyofundishwa sisi. Siku hizi chambo ni tonge la ugali uliokandwa na pumba, maana watoto wa mjini wakimwona nyungunyungu wanapiga kelele. Fimbo zimetoka dukani, nyepesi, zina gurudumu la kukunjia uzi. Kijana mmoja jirani yetu alipovua perege alimshika kwa karatasi ya chooni. Mwingine aliuliza kama samaki anahisi vibaya. Sisi tuliwauma kichwani kwa meno, tukaendelea.

Neema alivuta mara moja, akakosa. Mara ya pili akakosa. Ya tatu alivuta kwa nguvu zote, fimbo ikagonga jiwe, ncha ikakatika. Gaspari alikuwa upande wa pili, ametugeuzia mgongo. Hakuna aliyeona ila mimi. Nikasema kwa kunong'ona, "Iweke pale, chukua nyingine."

Mtoto alinishangaa. Akazunguka bwawa akiwa ameibeba fimbo mbele yake. "Babu Utupa, samahani. Nimevunja fimbo yako. Nilivuta kwa hasira."

"Hasira ya nini?"

"Wananikimbia!"

Gaspari akacheka mpaka kofia ikasogea. "Basi tutaifunga utepe. Chukua ile ya bluu." Ikaisha. Haikuchukua hata muda wa kumenya ndizi. Mtoto akarudi akiimba.

Nilisimama. Miguu ilinipeleka kabla akili haijatafuta sababu mpya. Nikaketi kwenye jiwe karibu na kiti chake.

"Gaspari. Ule utupa wa shule niliutia mimi."

Alikuwa akifunga utepe kwenye fimbo. Mikono ikasimama.

"Utani huo sijaucheka, Damasi."

"Si utani. Nilichuma kwa mama yako Alhamisi jioni. Nilitwanga nyuma ya choo. Nilitaka niwavue Ijumaa unione. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwako ulipoulizwa, nikanyamaza. Na nikanyamaza mpaka leo."

Nilijitayarisha kwa tusi, au kofi, au kuambiwa niondoke nisirudi. Chochote kati ya hivyo kingekuwa haki yake. Lakini aliponigeukia, uso wake haukuwa na hasira niliyoingoja. Ulikuwa na hofu.

"Hukutumwa na mtu? Hukuwa na Bosko?"

Bosko ni mdogo wake. Wakati ule alikuwa darasa la pili.

"Bosko? Nilikuwa peke yangu."

"Jioni ile," akasema polepole, "nilimkuta Bosko amesimama kwenye mpaka wa shamba, ameshika tawi la utupa. Asubuhi nikaona samaki wamekufa. Nikasema huyu mtoto, mwalimu atamuua. Ndiyo maana sikukana." Akavua kofia. "Nilimuuliza nyumbani. Akalia, akasema aliliokota tawi chini. Nikamwambia sawa, yamekwisha. Sikumwamini. Wala siku moja sikumwamini, Damasi. Kila tukigombana namwambia, wewe nyamaza, nimekubebea mengi. Alipotaka kulima na mimi shamba moja nilikataa, nikasema huyu hasemi kweli tangu utoto. Akaenda zake Kilosa." Akafuta uso kwa kiganja. "Nimemsamehe mtu miaka yote hii, kumbe hana kosa."

Sikuwa nimejua. Nilidhani nimemwibia mtu mmoja jina. Kumbe nilikuwa nimewatenganisha ndugu wawili, kwa tawi nililolidondosha nikikimbia.

Neema alikuwa amesogea, amesikia yote, fimbo ya bluu mkononi. Akasema bila kupandisha sauti, "Babu, hapo ulizingua."

"Nilizingua," nikakubali. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitumia neno hilo, na sijaona katika Kiswahili chetu cha shule lingine linalotosha vile.

Gaspari alikuwa ameshatoa simu. Neema akamsaidia kulitafuta jina. Akaweka sauti ya nje.

"Kaka, shikamoo. Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba. Bosko, hukuwa wewe."

"Sikuwa mimi nini?"

"Utupa."

Tukasikia jogoo akiwika huko Kilosa.

"Kaka," sauti ikaja, "mimi hilo nilikwambia nikiwa na miaka minane."

"Ulisema."

"Nilikwambia na tukizika mama."

"Ulisema, Bosko. Ni mimi sikusikia. Nisamehe."

"Ni nani basi?"

Gaspari akanisogezea simu mdomoni. Nikasema jina langu. Bosko akavuta pumzi ndefu, halafu akaanza kucheka, kicheko kile cha mtu anayetua mzigo na hajui aweke mikono wapi. "Mtani! Yaani ni wewe! Kaka, huyo mtoze mbuzi. Jumamosi nakuja, nimkute kafungwa kwenye mti. Mbuzi au Damasi, yeyote!"

Gaspari alicheka na kulia kwa pamoja. Aliniita majina ambayo kwa utani wa koo zetu ni halali na kwenye karatasi hii si halali. Kila tusi lilipotua nilijisikia mwepesi zaidi. Nikamwambia nitakibadilisha kibao cha barabarani kwa gharama yangu. Akanirukia. "Kiache! Jina nimelilea mwenyewe mpaka limezaa bwawa. Usiniibie tena."

Mama yao sikumwahi. Mwalimu wetu wa kilimo naye ametangulia, naye aliondoka akiamini mwanafunzi wake bora wa kuvua ndiye aliyewaua samaki wake. Hayo mawili hayana simu, nitakwenda nayo kaburini. Lakini usiku ule nililala mpaka jua likanikuta kitandani, na mke wangu akaja kunitikisa akidhani naumwa.

Wenzangu wa rika langu, tukikutana tunapenda kusema watoto wa leo wameharibika. Hawaamki alfajiri, hawajui kusokota uzi, wakiamkia wanaamkia kwa kidole gumba kwenye simu. Ni kweli, na samaki wa ndoano ya pini walikuwa na utamu ambao hawataupata. Ninaukumbuka ukungu ule na mdalasini ule, na ningetoa chochote niteleze tena kwenye gome la mgomba nikiwa na Gaspari nyuma yangu. Lakini sisi tulilelewa kwa kiboko, na kiboko kilitufundisha vizuri sana kutazama miguu yetu. Huyu mjukuu wangu hakulelewa hivyo, ndiyo maana aliweza kuzunguka bwawa zima na fimbo iliyovunjika mkononi. Utotoni mwetu sikumjua mtoto wa kufanya hivyo, na wa kwanza kushindwa ni mimi.

Jumamosi nilipeleka mbuzi. Bosko alishuka na begi dogo, mvi tupu, mfupi kuliko nilivyomkumbuka. Kaka yake alikuwa amemngojea barabarani tangu saa tatu. Walishikana mikono, wakaja hivyohivyo hadi bwawani, wazee wawili wameshikana mikono kama watoto wanaopelekwa shule. Mke wa Gaspari alipakua perege kwenye sahani, kila mtu na yake, kama ilivyo siku hizi. Bosko akamiminia chakula chake kwenye sahani ya kaka yake, akavuta kigoda. Mimi nilikuwa nimesimama kando, sijui nikae wapi.

"Sogea, mtani," Bosko akasema, akinionyesha nafasi. "Nawa mikono, ule."